Carl Akeley na Gorila wa Mlima Mikeno

Carl Akeley alizaliwa mwaka wa 1864 katika shamba la wazazi wake huko New York, Marekani. Tangu ujana wake alijifunza kazi ya kutengeneza ngozi za ndege na wanyama waliokufa, hata waonekane kana kwamba wangali hai. Baadaye aliifanya kazi hiyo katika nyumba za makumbusho za Chicago na New York, akawa fundi mashuhuri.

Kazi hiyo ilimleta Afrika mara tano. Mwaka wa 1896, katika nchi ya Wasomali, alirukiwa na chui, akamwua kwa mikono mitupu. Mwaka wa 1910, katika msitu wa Mlima Kenya, ndovu alimbana chini, hata watu wake wakadhani amekwisha kufa. Lakini akapona.

Mwaka wa 1921 alikwenda Kongo, iliyotawaliwa wakati ule na Wabelgiji, akapanda Mlima Mikeno, ambao kimo chake chapita meta 4,400. Huko juu mna baridi na ukungu, na katika misitu yake huishi gorila. Akeley na wenzake wakaua watano kwa ajili ya makumbusho. Lakini alipomtazama usoni mmoja aliyelala amekufa, moyo wake ulimchoma, akajiona kuwa mwuaji. Tena alitambua kwamba wanyama hao si wakali kama watu walivyosimulia, nao ni wachache. Wawindaji wasipozuiwa, watakwisha kabisa.

Basi akaomba milima ile itengwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji akakubali, na tarehe 21 Aprili 1925 amri ikatolewa kwamba gorila wasiwindwe, wala msitu wao usiharibiwe. Mwaka wa 1929 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa sana. Hata hivyo amri hiyo ilikuwa na uchungu wake, kwa maana wenyeji waliopata riziki yao msituni walizuiwa kuingia.

Mwaka wa 1926 Akeley alirudi pamoja na Mary mkewe, ili kuwachunguza gorila bila kuwadhuru. Njiani aliugua, lakini hakukubali kurudi nyuma. Mwezi wa Novemba akafariki dunia katika mteremko wa Mikeno, akazikwa papo hapo. Mkewe hakuondoka, bali alibaki akaimaliza kazi waliyoijia.

Siku hizi hifadhi hiyo huitwa Virunga. Walinzi wake, ambao ni Wakongo, huzunguka milimani kufukuza majangili na kutegua mitego, na wengi wao wameuawa kazini. Kwa bidii yao, na ya wenzao wa Rwanda na Uganda, gorila wa milimani hawakutoweka, bali wamezidi 1,000. Akeley alipanda mlima ule akiwa mwindaji. Alishuka akiwa mtetezi wa wale aliokuja kuwawinda.