Ernesto Guevara na Pikipiki Iliyokufa Njiani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanalijua jina la Che Guevara. Picha yake, mwenye ndevu na kofia yenye nyota, wameiona kwenye fulana na nyuma ya magari ya abiria. Lakini ukiwauliza mtu huyu alikuwa nani kabla ya kushika bunduki, ni wachache watakaokujibu. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya miaka yake ya uanafunzi, na hasa ile safari ndefu ya pikipiki aliyoipanga na rafiki yake, kwenda nchi za kigeni wasizozijua.

Ernesto Guevara alizaliwa katika mji wa Rosario, nchi ya Ajentina, mwaka 1928. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Alipokuwa mdogo sana alishikwa na ugonjwa wa pumu, na ugonjwa huo haukumwacha mpaka alipokufa. Kwa ajili yake wazazi wake walihama, wakaenda kukaa Alta Gracia, mji mdogo ulio katika vilima vya Córdoba, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu. Siku nyingi hakuweza kwenda shule. Mama yake akawa ndiye mwalimu wake nyumbani, naye alimfundisha hata Kifaransa. Mtoto huyu aliyelala kitandani akivuta pumzi kwa shida alisoma vitabu kuliko wenzake wote.

Mtu angedhani kwamba mgonjwa wa namna hiyo angejiepusha na michezo. Ernesto alichagua raga, mchezo wa kukimbia na kuangushana. Pumu ilipomkaba alitoka nje ya uwanja, akavuta dawa yake, kisha akarudi mchezoni. Mwalimu wa timu yake alikuwa kijana aliyemzidi miaka sita, jina lake Alberto Granado. Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza. Baadaye Granado alihitimu masomo ya kemia ya viumbe na dawa, akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma huko kaskazini ya Córdoba. Ernesto naye, mwaka 1947, aliingia Chuo Kikuu cha Buenos Aires kusomea udaktari.

Safari yake kubwa ya kwanza aliifanya peke yake. Mwaka 1950, wakati wa likizo, alifunga injini ndogo kwenye baisikeli yake, akazunguka majimbo 12 ya kaskazini ya Ajentina, mwendo wa zaidi ya kilometa 4,000. Njiani alipita hospitali ya Granado akawaona wagonjwa. Aliporudi, watu waliouza injini zile waliomba picha yake waitumie katika tangazo lao. Mwaka uliofuata alifanya kazi ya uuguzi katika meli za mafuta, akafika mpaka bahari ya Karibi. Kwa hiyo wakati wa safari ninayoisimulia hakuwa tena mtu asiyejua vumbi la barabara.

Hata mwezi wa Oktoba, mwaka 1951, Ernesto alikuwa Córdoba nyumbani kwa Granado. Walikaa chini ya mizabibu wakinywa mate, yaani chai ya majani ya kwao, na kuzungumza habari za maisha. Granado alikuwa ameacha kazi yake, hakuridhika na mshahara. Ernesto alikuwa amechoshwa na chuo na mitihani. Tangu zamani Granado alikuwa na ndoto ya kuliona bara lote la Amerika ya Kusini. Basi mazungumzo yakageuka kutoka mambo ya nyumbani yakawa mambo ya mbali, na mwishowe wakaamua kwamba watakwenda mpaka Amerika ya Kaskazini, tena kwa pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa mali ya Granado, Norton ya mwaka 1939 yenye injini ya sentimita 500 za ujazo. Aliipa jina La Poderosa II, maana yake Mwenye Nguvu wa Pili. Mwenye Nguvu wa Kwanza alikuwa baisikeli aliyoipanda siku za uanafunzi wake. Wakati huo Norton hiyo ilikuwa imekwisha timiza miaka 12, na pikipiki ya umri huo inataka fundi kila siku.

Wakagawana kazi. Granado alitengeneza pikipiki na kuchunguza ramani, wapite wapi na kwa utaratibu gani. Ernesto alitafuta viza, vyeti na hati nyingine, na pamoja na hayo alifanya mitihani mingi kadiri alivyoweza kabla ya kuondoka. Kulikuwa na shida ya mama yake pia. Mama aliogopa kwamba mwanawe akishaonja barabara hatarudi tena kumaliza masomo, tena alijua vizuri pumu yake. Ernesto alimwahidi kwamba atarudi na atapata shahada yake ya udaktari. Shida ya mwisho ilikuwa aibu. Wakiwaambia watu wanakwenda Amerika ya Kaskazini, kisha wakashindwa, watachekwa. Kwa hiyo kila aliyewauliza walimjibu kwamba wanakwenda Chile tu, nchi jirani. Fedha zao zilikuwa chache, wala hawakuwa na hakika ya kupata nyingine njiani.

Waliondoka Córdoba mwisho wa Desemba 1951, wakapita Buenos Aires kuwaaga wazazi wa Ernesto, na tarehe 4 Januari 1952 safari ikaanza. Pikipiki ilikuwa imelemewa na mizigo: mifuko, hema, matandiko na vyombo vya kuchomea nyama. Ernesto alibeba pia mbwa mdogo wa kumpelekea mchumba wake katika mji wa pwani wa Miramar. Msichana huyo alikuwa wa nyumba ya kitajiri. Walikaa kwake siku kadhaa, na alipomuaga alimpa dola 15 amnunulie kitu huko Marekani. Lakini Ernesto alipofika milimani, barua ilimfikia kwamba uchumba umekwisha. Hilo halikuwamo katika ramani ya Granado.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Njia ya kusini ilikuwa ya changarawe na mchanga, na pikipiki yenye mzigo mkubwa nyuma huinua gurudumu la mbele. Walianguka mara nyingi. Tairi zilitoboka, vyuma vikalegea, na kila kilichokatika walikifunga kwa waya, hata pikipiki yote ikawa kama imeshonwa. Usiku walilala ghalani, jikoni kwa wachungaji au katika vituo vya polisi, mahali po pote waliporuhusiwa. Usiku mmoja waliambiwa kwamba katika sehemu hizo yuko puma, mnyama mkali wa jamii ya paka. Ernesto akalala na bastola karibu. Gizani aliona macho mawili yanang'aa mlangoni, akapiga. Kumbe alikuwa amemwua mbwa wa mwenyeji wao.

Mwezi wa Februari walivuka maziwa ya milimani wakaingia Chile. Huko waliwatembelea waandishi wa magazeti, na gazeti la mji wa Temuco likaandika habari za mabingwa wawili wa ukoma kutoka Ajentina. Sifa ile ilizidi kweli, maana Ernesto alikuwa hajapata hata shahada. Lakini kipande kile cha gazeti kiliwapatia chakula na malazi, na mafundi wa pikipiki waliwasaidia bila malipo. Hata hivyo Norton ilikuwa imechoka. Siku moja breki ilikatika wakiteremka mlima, na kundi la ng'ombe likatokea mbele yao. Walipona kwa bahati. Tena gia zilikuwa zimekwisha vunjika na usukani kukatika. Katika mji wa Los Ángeles walilala kwa watu wa zimamoto, na usiku walitoka nao kwenda kuzima nyumba inayowaka. Kisha waliipakia pikipiki juu ya lori mpaka Santiago, mji mkuu wa Chile, na huko wakaiacha. Mwenye Nguvu alikuwa amefika mwisho wake, na safari ilikuwa bado ndefu.

Hapa ndipo palipokuwa na amri kubwa. Mtu aliyepanga safari ya pikipiki, akipoteza pikipiki, ana haki ya kurudi nyumbani. Tena wao walikwisha fika Chile, kama walivyowaambia watu. Wakaamua kuendelea kwa miguu na kwa kuomba kupanda malori. Mwenye pikipiki hupita, hupunga mkono, akaenda zake. Aombaye lifti hukaa juu ya magunia pamoja na vibarua na wakulima, akala wanachokula, akasikia wanayosema. Kwa hiyo yale yaliyombadili Ernesto aliyaona zaidi baada ya kifo cha pikipiki.

Katika bandari ya Valparaíso aliitwa kumtazama bibi mzee mwenye pumu kama yeye na ugonjwa wa moyo. Alimpa dawa kidogo aliyokuwa nayo, lakini aliona kwamba dawa haitoshi. Bibi yule alikuwa hana nguvu tena ya kufanya kazi, na katika nyumba ya maskini asiyefanya kazi huonekana mzigo. Baadaye, katika jangwa la kaskazini, karibu na machimbo makubwa ya shaba ya Chuquicamata, walikutana usiku na mtu na mkewe. Mume alikuwa ametoka kifungoni kwa sababu ya siasa zake, sasa wanakwenda kutafuta kazi katika machimbo mabaya ambayo hakuna aulizaye siasa ya mtu. Hawakuwa na blanketi. Vijana wakawapa moja, wao wakajifunika lililobaki, na Ernesto aliandika kwamba hajapata kusikia baridi kama ya usiku ule.

Walipita Peru, wakaona Cuzco na magofu ya Machu Picchu. Lima walipokelewa na Daktari Hugo Pesce, bingwa wa ukoma, ambaye aliwapatia njia ya kufika hospitali ya San Pablo, kando ya mto Amazon. Walifika huko mwezi wa Juni, wakakaa karibu majuma mawili. Wagonjwa walikuwa kama 600, wakikaa mbali na nyumba za wafanya kazi. Vijana hawa waliwashika mikono bila glavu na kucheza nao mpira. Jambo hilo dogo liliwafurahisha wagonjwa kuliko dawa. Walipotaka kuondoka walijengewa chelezo cha magogo. Wakateremka mto kwa chelezo hicho, usingizi ukawachukua, wakapitwa na mji wa Leticia, ikawabidi watafute mashua ya kuwarudisha. Leticia, katika Kolombia, walipata fedha kwa kufundisha timu ya mpira. Ernesto mwenyewe alikuwa golikipa.

Mwezi wa Julai 1952 walifika Caracas, Venezuela. Granado alipata kazi katika hospitali ya ukoma, akabaki. Ernesto alipanda ndege iliyobeba farasi mpaka Miami, akarudi kwao mwisho wa Agosti. Ahadi kwa mama aliitimiza, maana mwaka 1953 alipata shahada yake ya udaktari.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayataja kwa ufupi. Mwaka huo huo aliondoka tena. Akiwa Meksiko, mwaka 1955, alikutana na Fidel Castro, na mwaka 1956 walivuka bahari watu 82 kwenda kupigana Kuba. Walishinda Januari 1959. Katika ngome ya La Cabaña alisimamia hukumu zilizowapeleka watu wengi kupigwa risasi, na jambo hilo halifai kufichwa. Baadaye aliongoza benki ya taifa, kisha wizara ya viwanda.

Aprili 1965 alifika kwa siri Dar es Salaam, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo. Wakubwa watatu wa Kuba walijipa majina ya hesabu za Kiswahili: Moja, Mbili na Tatu. Yeye, aliyekuwa mkubwa wao, alichukua jina la Tatu ili asijulikane, na kijana Mkongo alimfundisha lugha yetu. Vita vile havikufanikiwa. Mashauri hayakupatana, viongozi walikaa mbali, na mwezi wa Novemba alirudi ng'ambo ya ziwa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba habari zile ni habari za kushindwa. Mwaka uliofuata alikwenda Bolivia, na huko wakulima hawakumfuata. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba 1967 akauawa kesho yake katika kijiji cha La Higuera, umri wake miaka 39. Granado alihamia Kuba mwaka 1961, akafundisha na kufanya utafiti, akafa mwaka 2011 akiwa mzee wa miaka 88.

Wako watakaomsifu Guevara na wako watakaomlaumu, na kila mmoja ana sababu zake. Mimi naona jambo moja ambalo mwanafunzi anaweza kulichukua. Mwaka 1952 alipita nchi za watu kama mgeni asiye na kitu. Aliuliza, alisikiliza, alipokea blanketi na kutoa blanketi, na watu wakamfikisha salama kutoka nchi hata nchi. Kongo na Bolivia alifika na bunduki na mpango uliokwisha tengenezwa mbali, akakuta wenyeji wana mawazo yao. Tukipanga safari zetu, kubwa au ndogo, tutengeneze pikipiki vizuri, tupate hati zetu, tutimize ahadi kwa mama. Lakini tuache nafasi ya kufundishwa na wenyeji, maana wao ndio waijuao njia.