Mama Katharine Drexel na masomo ya barabara ya Magazine

Siku ya yubile watu huhesabu majengo: kanisa, nyumba ya mapadri, masomo. Ni vema kuyahesabu. Lakini tunajua pia kwamba jengo halijilindi lenyewe. Kwa sababu hiyo tumetaka kuwasimulia hapa maisha ya mtu mmoja aliyejenga masomo mengi sana, kisha tuangalie moja kati ya hayo, tuone namna lilivyofika karibu ya kufa na namna lilivyookoka.

Katharine Drexel alizaliwa Philadelphia, katika inchi ya Marekani, tarehe 26 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1858. Baba yake, Francis Drexel, alikuwa mwenye banki na tajiri mkubwa. Mama yake mzazi alifariki majuma machache tu baada ya kumzaa. Mwaka 1860 baba akamwoa Emma Bouvier, naye akamlea Katharine na dada yake Elizabeth kama watoto wa tumbo lake, kisha akamzaa Louise. Mama Emma alikuwa na desturi ya kuwafungulia maskini mlango wa nyumba yake, akiwagawia chakula, nguo na feza ya kulipa kodi. Mabinti walimsaidia kazi hiyo, wakajifunza mapema kwamba mtu hapewi mali ili aikumbatie peke yake.

Emma alikufa mwaka 1883, na Francis akamfuata mwaka 1885. Aliwaachia mabinti wake watatu urithi wa dolari karibu milioni 14, lakini kwa sharti: wao watakula matunda ya mali tu, si mali yenyewe. Na kama wote watatu wakifa bila watoto, urithi utakwenda kwa makao ya huruma ambayo yeye mwenyewe aliyataja katika wasia. Tulishike neno hilo, maana litarudi.

Mwaka 1887 Katharine alifika Roma, akaonana na Baba Mtakatifu Leo XIII. Alimwomba wamisionari kwa ajili ya Wahindi wa Amerika, wenyeji wa kwanza wa inchi yake, ambao alikuwa akiwasaidia kwa feza. Papa akamwuliza kwa nini asiwe mmisionari yeye mwenyewe. Swali hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1889 akaingia novisiati kwa Masista wa Huruma kule Pittsburgh, na tarehe 12 ya mwezi wa pili, mwaka 1891, akatoa ahadi zake za kitawa na kuanzisha shirika jipya, Masista wa Sakramenti Takatifu, kwa kuwatumikia Wahindi na watu weusi.

Hali ya watu weusi ilikuwa ngumu. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini katika majimbo ya kusini sheria ziliwatenga na wazungu katika karibu kila jambo. Katika mji wa New Orleans, mwaka 1900, wakubwa wa masomo ya serikali walikata shauri kwamba mtoto mweusi asisome kupita mwaka wa tano. Tufikirie maana yake: mtoto mwenye akili anafungiwa mlango wakati ndiyo kwanza ameanza kuelewa kitabu. Na atatoka wapi mwalimu wa wadogo zake?

Askofu mkubwa wa mji ule, James Blenk, alimwita Mama Katharine amsaidie. Katika barabara ya Magazine kulikuwa na majengo ya zamani ya Southern University, chuo cha watu weusi kilichohamishwa mwaka 1914. Mama akayanunua, na mwaka 1915 akafungua humo masomo ya sekondari, akayapa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Serikali ya mji nayo ikafungua sekondari ya watu weusi mwaka 1917. Mwaka huo huo kazi ya kutayarisha walimu ikaanza pale Xavier, na wengi wao wakaenda kufundisha watoto wa vijijini. Mwaka 1925 kikazaliwa chuo kikuu, ambacho baadaye kilihamia katika majengo yake mapya. Sekondari ikabaki barabara ya Magazine.

Hatusemi kwamba njia ilikuwa laini. Kule Nashville, mwaka 1905, mzungu aliyemwuzia nyumba bila kujua mnunuzi ni nani alikasirika sana alipopata habari kwamba itakuwa masomo ya wasichana weusi, akajaribu kuvunja mapatano. Mama hakurudi nyuma. Wala hatufichi kivuli kilichokuwa ndani ya shirika lenyewe: kwa miaka mingi halikupokea wasichana weusi kuwa masista, ila liliwaelekeza kwa mashirika ya watawa weusi yaliyokuwako. Watakatifu nao waliishi katika nyakati zao.

Mwaka 1935 moyo wake uliugua sana, na mwaka 1937 akaacha uongozi. Akabaki miaka karibu 20 katika sala, mbele ya Ekaristi. Alifariki tarehe 3 ya mwezi wa tatu, mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 96. Inahesabiwa kwamba alitumia dolari karibu milioni 20 kwa masomo na misioni.

Sasa ule wasia ukarudi. Dada zake walikuwa wamekwisha kufa bila watoto, na shirika lake halikutajwa na baba, kwa kuwa wakati wa kuandika halikuwako bado. Siku Mama alipokufa, chemchemi ya feza ikakauka. Masista wakaendelea kwa jasho lao na kwa msaada wa watu wema.

Tarehe 1 ya mwezi wa kumi, mwaka 2000, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Katharine kuwa mtakatifu. Mwaka 2005 tufani ya Katrina ikaizamisha New Orleans, na mwanzoni mwa mwaka 2006 masomo matatu ya kikatoliki ya watu weusi yakafundisha pamoja chini ya paa la barabara ya Magazine. Lakini mwaka 2013 masista, waliopungukiwa na nguvu, walitangaza kwamba wataifunga sekondari ile, ambayo siku hizo ilikuwa ya wasichana tu.

Hapo wanawake waliosoma pale zamani hawakukaa kulia. Walikutana, wakachanga, wakaichukua nyumba mikononi mwao. Mwezi wa nane wa mwaka huo huo milango ikafunguliwa tena, kwa jina jipya: Mtakatifu Katharine Drexel.

Basi, wapendwa, tuone vizuri. Mali ya baba mmoja ilijenga, nayo ikaisha. Kilichookoa ni wale waliofundishwa. Sisi pia tulikaa juu ya mabenchi ambayo wengine walituletea. Tunapokata keki ya yubile, kila mmoja ajiulize ni benchi gani yeye ataliacha kwa mtoto ambaye hajazaliwa.