Sayyid Barghash: Mwana wa Mfalme Aliyehamishwa

Vijana wenzangu, Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, mwanawe Barghash alikuwa naye merikebuni. Alimleta babake Unguja, akamzika usiku kimyakimya, kumbe anataka kukishika kiti kabla habari hazijaenea. Hakufaulu. Kiti kikamwendea nduguye, Sayyid Majid.

Barghash hakutulia. Mwaka 1859 aliasi, Waingereza wakamsaidia Majid, akashindwa. Akahamishiwa Bombay, mtoto wa mfalme akawa mgeni katika nchi ya watu, kama miaka miwili hivi. Aliporudi alikaa kimya akasubiri. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alikipata kwa amani kile alichokikosa kwa vita.

Je, alikifanyia nini? Aliwaletea watu wa mjini maji safi kwa mabomba, akaleta mtambo wa kuchapa vitabu vya dini, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Alifariki mwaka 1888.

Basi ndugu msomaji, ukitaka heshima ya mzazi wako, usiinyang'anye kwa ndugu yako. Subiri, na ukipewa, watumikie watu. Mwenyezi Mungu atupe subira, amin.