Shiga, munganga aliyefuata kuhara damu

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki nyumbani na watoto, leo tunawaletea maisha ya munganga mumoja wa Japani, Kiyoshi Shiga. Kuhara damu sisi wote tunaijua, lakini mutu aliyeonyesha mikrobe yake, wengi hatumjui.

Shiga alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Sendai. Alimaliza masomo ya uganga Tokyo mwaka 1896, akaingia kazi kwa munganga mukubwa Kitasato. Mwaka uliofuata kuhara damu ilipiga Japani: wagonjwa walipita 90,000, na zaidi ya 20,000 wakafa. Shiga alikuwa na miaka 26 tu. Alipima wagonjwa 36, akaotesha mikrobe za choo yao, kisha akazichanganya na mayi ya damu yao. Mikrobe moja iligandamana. Njo ile alikuwa anatafuta. Kitasato, aliyemuongoza, alikubali kazi itoke kwa jina la Shiga peke yake. Wakubwa wengi hawafanye vile. Leo jamii ya ile mikrobe inaitwa Shigela.

Wanganga waliokuja nyuma walieleza namna inatenda. Ndani ya utumbo mkubwa kuna ngozi nyembamba, na chini ya ile ngozi kuna tabaka laini lenye mishipa midogo ya damu na askari wa mwili. Mikrobe inapita ngozi, inaua askari katika lile tabaka, kisha inashambulia ngozi kutokea chini. Utumbo unavimba, unapata vidonda, na damu inatoka. Mikrobe 100 hivi, hata chini ya hapo, zinatosha kuangusha mwanaume wa nguvu.

Shiga alitengeneza chanjo, akajidunga yeye mwenyewe. Mwaka 1901 alienda Ujerumani kwa Paul Ehrlich. Mwaka 1904 wao wawili walionyesha dawa iliyoponyesha panya wenye mikrobe ya jamii moja na ile ya malale. Vita ya pili ya dunia ilimuacha masikini. Alikufa kule kwao Sendai mwaka 1957, na miaka 85.

Mikrobe yake haikufa naye. Kuanzia mwaka 1979 iliua watu mashariki ya nchi yetu, ikaenea Rwanda na Burundi. Mwaka 1994 iliua tena wakimbizi kule Goma. Inapita kwa mikono michafu, kwa mayi, kwa chakula, kwa nzi. Haitoki kwa ndoki ya jirani.

Juu ya hiyo, sisi wa sendika tunasema: kofia ya kazi na buti tunazidai kila mwaka, mayi safi, sabuni na choo pale tunafanya kazi, tuvidai vilevile. Na mutu akianza kuhara damu, zaidi mtoto, asingoje kesho. Mumupeleke kwa munganga siku ile ile.