Zwangendaba na Ufalme Wake Uliohama

Wengi wenu hapa Misungwi mmechunga ng'ombe, na mwajua taabu ya kuhamisha kundi katika mwaka wa ukame. Kuwapeleka ng'ombe ishirini kutoka maji haya hata maji yale ni kazi ya kutwa, na jioni huenda ndama mmoja haonekani. Basi fikirini habari za mtu aliyehamisha ufalme mzima, watu na ng'ombe, wazee na watoto wachanga, kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, kutoka Kusini ya Afrika hata Ufipa. Mtu huyo ni Zwangendaba, mfalme wa Wangoni.

Alikuwa mwana wa Hlatshwayo, wa ukoo wa Jele, na ukoo wake ulikuwa chini ya Zwide, mfalme wa Wandwandwe, jirani wa Wazulu. Kwenye mwaka 1819 Shaka, mfalme wa Wazulu, alipigana na Zwide akamshinda, na watu wa Zwide wakatawanyika. Zwangendaba hakungoja kutawaliwa na Shaka. Alikusanya watu wake, nao hawakuwa wengi, akashika njia ya kaskazini. Hakurudi tena katika nchi ya baba zake.

Mali aliyochukua ilikuwa kidogo, lakini alichukua maarifa ya vita ya watu wa kwao: ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe, mkuki mfupi ambao haurushwi bali hushikwa mkononi na kuchomea adui karibu, na desturi ya kuwapanga vijana kwa rika, kila rika kikosi chake.

Zimekuwako duniani falme nyingine za kuhama. Wamongolia wa Genghis Khan, aliyekufa mwaka 1227, walipanda farasi tangu utoto, na kwa farasi walishinda nchi nyingi za Asia. Wangoni walikwenda kwa miguu. Katika nchi nyingi walizopita mna mbung'o, na farasi akiumwa na mbung'o huugua akafa. Ng'ombe nao hufa kwa ugonjwa huo, na kwa hiyo nchi za juu, zilizo wazi na baridi, ziliwafaa kuliko mabonde yenye vichaka.

Msidhani kwamba walitembea kila siku. Walipoona nchi njema walijenga, wakakaa mwaka mmoja au miaka kadhaa. Zizi la ng'ombe lilikuwa katikati ya mji, na nyumba zililizunguka. Ng'ombe ndio waliokuwa fahari ya mtu: kwa ng'ombe alitoa mahari, kwa ng'ombe aliwaheshimu wazee wake waliokufa, na kwa ngozi yake alipata ngao. Kila mke mkubwa wa mfalme alikuwa na mji wake, wenye wakuu wake na askari wake. Likumbukeni jambo hili, maana mwisho wake mtauona.

Lakini chakula kilitoka wapi? Wanawake walilima, walakini jeshi hula kuliko jembe linavyoweza kutoa. Wangoni waliteka vihenge vya wenyeji na mifugo yao, na nchi ilipokwisha kuliwa, waliondoka. Hiyo ni sababu moja kubwa ya safari yao. Nyuma yao waliacha majivu, na watu wenye njaa waliojificha milimani. Wako wanaomsifu Zwangendaba kwa ushujaa tu. Mimi naona si haki kuwasahau wenye vihenge vile.

Hata hivyo aliweza jambo ambalo wafalme wengi hawakuliweza. Mateka hakuwaua wote wala kuwauza. Vijana na wanawake waligawiwa katika nyumba za Wangoni, wakatumika humo. Kijana alitobolewa masikio kwa desturi ya Wangoni, akajifunza lugha yao, akaingizwa katika kikosi cha rika lake pamoja na wana wa wale waliomteka. Akiwa hodari katika vita, yeye naye alipata mateka wake, akawa mtu mkubwa. Hivyo Wathonga, Wakaranga, Wansenga na Watumbuka waligeuka kuwa Wangoni, na kundi dogo lililotoka kusini likawa taifa la maelfu ya watu.

Kwanza alikaa upande wa Msumbiji, akagombana na Soshangane, mkimbizi mwenziwe wa vita vya Shaka. Kwenye mwaka 1831 Soshangane alimfukuza. Zwangendaba akaingia nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akawapiga Warozvi, waliokuwa wametawala huko muda mrefu. Tarehe 20 Novemba 1835 alivuka mto Zambezi karibu na Zumbo. Siku ile jua lilipatwa, giza likaingia mchana, na kwa sababu hiyo tarehe yake yajulikana hakika. Wazee wa Wangoni wamesimulia kwamba mfalme aliyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Huenda pia mto ulikuwa haujajaa, maana mvua za mwaka huwa ndiyo kwanza zinaanza.

Baada ya kukaa miaka kadhaa kwa Wansenga, walipita magharibi ya ziwa Nyasa, wakafika Ufipa, wakajenga mji wao Mapupo. Hapo Zwangendaba alikufa, kwenye mwaka 1848, naye ni mzee.

Ndipo miji ile ya wake wa mfalme ilipogombana juu ya urithi, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na askari wake. Taifa likavunjika. Mpezeni alikwenda na watu wake upande wa Zambia ya leo. Mbelwa akatawala kaskazini mwa Malawi. Wengine wakafika Songea, na wajukuu wao walipigana na Wadachi katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907. Kundi jingine, Watuta, walishika njia ya kaskazini, wakashambulia Ujiji, wakapita Unyamwezi, na mashambulio yao yakafika hata kusini ya ziwa letu. Baadaye walikuwa rafiki wa Mirambo, mtemi wa Unyamwezi aliyekufa mwaka 1884, nao walimsaidia katika vita vyake.

Lugha ambayo Zwangendaba alitoka nayo kwao imekwisha kupotea katika vinywa vya watu karibu kila mahali walipokaa Wangoni. Mama wengi walikuwa mateka, na jioni jikoni walisema na watoto wao kwa lugha za nchi zao.