Booker Washington na Tanuri la Nne

Katika mwaka wa 1856, katika jimbo la Virginia, nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto mwanamume katika kibanda cha magogo kilichokuwa jiko la shamba la Mzungu mmoja. Mama yake, jina lake Jane, alikuwa mtumwa na mpishi wa shamba lile. Na kwa sheria ya siku zile mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa tangu kuzaliwa. Mtoto akaitwa Booker. Baba yake hakumjua. Kitanda hakuwa nacho. Yeye na nduguze walilala juu ya matambara, na sakafu yao ilikuwa udongo mtupu.

Alipopata nguvu kidogo alipewa kazi ya kupeleka mahindi kinuni kusagwa. Gunia liliwekwa juu ya mgongo wa farasi, na mara nyingi liliteleza likaanguka njiani. Mtoto hakuweza kulipandisha tena, basi alikaa chini akalia mpaka apite mtu wa kumsaidia. Tena mara kwa mara alitumwa kumchukulia vitabu binti wa bwana wake mpaka mlangoni pa shule. Akiwa pale mlangoni aliwaona watoto wamekaa darasani wakisoma, lakini yeye hakuwa na ruhusa ya kuingia, maana watumwa walikatazwa kufundishwa kusoma. Akarudi shambani, na tamaa ya kusoma ikabaki moyoni mwake.

Mwaka 1865 vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilikwisha, na watumwa wakawekwa huru. Jane akawachukua watoto wake, wakasafiri siku nyingi mpaka mji mdogo wa Malden katika jimbo la West Virginia, alikokuwako baba yao wa kambo. Huko kazi ilikuwa kupika chumvi. Booker alikuwa mtoto wa miaka tisa, naye aliamka kabla ya mapambazuko kwenda kutia chumvi katika mapipa. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, na namba ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Kila jioni msimamizi alipita akiandika 18 juu ya mapipa yao. Booker akaitazama alama ile siku baada ya siku mpaka akaijua, akaweza kuiandika. Hilo ndilo andiko la kwanza alilojifunza maishani mwake, wala hakufundishwa na mwalimu.

Mama yake hakujua kusoma, lakini alijitahidi akampatia mwanawe kitabu cha alfabeti. Baadaye shule ya watu weusi ikafunguliwa. Siku ya kwanza Booker aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili mawili, na yeye alikuwa na moja tu. Mwalimu alipomwuliza, alijibu kwa utulivu kwamba yeye ni Booker Washington, kana kwamba aliitwa hivyo tangu zamani. Jina lile alijichagulia mwenyewe papo hapo, na kwa jina hilo watu wa dunia wakamjua.

Lakini umaskini haukumwacha asome sana. Alitolewa shuleni akapelekwa kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi, mahali pa giza na hatari. Siku moja akiwa machimboni aliwasikia watu wawili wakizungumza habari za shule kubwa ya watu weusi iliyoko Hampton, ambayo mwanafunzi maskini aliweza kufanya kazi ili kulipia chakula chake na mafundisho. Booker akatambaa gizani bila kelele, akawakaribia ili asikie vizuri. Tangu siku hiyo akakusudia kwenda Hampton, ingawa hakujua ni upande gani wala ni mbali namna gani.

Ili kupata fedha, akaenda kufanya kazi ya nyumbani kwa Bibi Viola Ruffner. Vijana walimwogopa bibi huyu, maana alikuwa mkali, na wengi walimkimbia. Booker alipoanza alimwogopa vile vile. Lakini akachunguza ni kitu gani hasa bibi yule alichotaka. Akaona alitaka mambo machache tu: usafi, kazi ifanywe kwa wakati wake, na kweli isemwe siku zote. Basi akayafanya hayo, na hofu yake ikatoweka.

Mwaka 1872, alipokuwa kijana wa miaka 16, akaondoka kwenda Hampton. Safari ilikuwa ya kilomita 800 hivi, na fedha zake zilikuwa haba. Penginepo alipanda gari, penginepo alikwenda kwa miguu. Usiku mmoja alikataliwa chumba katika nyumba ya wageni kwa sababu ya rangi yake, akatembea huku na huku usiku kucha ili asife kwa baridi. Alipofika mji wa Richmond hakuwa na kitu. Akaingia chini ya njia ya mbao iliyojengwa kando ya barabara, akalala juu ya udongo, na nyayo za watu zilisikika juu ya kichwa chake. Asubuhi akaiona meli ikipakuliwa chuma, akaomba kazi, akapewa. Akafanya kazi mchana, akalala pale pale usiku, mpaka akapata nauli ya kumfikisha.

Alifika Hampton na senti 50 tu, nguo zake chafu, mwili wake umekonda. Mwalimu mkuu wa kike, Bibi Mary Mackie, alimtazama asijue kama anafaa kupokewa. Hakumkataa wala hakumkubali. Akamwacha angoje, huku wengine wakipokewa. Mwisho akampa ufagio, akamwagiza afagie chumba kimoja. Booker akafahamu kuwa mtihani wake ndio huo. Akafagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne: kuta, meza, viti, na kila pembe. Bibi Mackie alipokuja alitoa leso yake akaisugua juu ya mbao, asione hata chembe ya vumbi. Akampokea, tena akampa kazi ya kutunza vyumba ili alipie chakula chake. Mafunzo ya Bibi Ruffner ndiyo yaliyomfungulia mlango.

Booker alimaliza masomo yake mwaka 1875, akawa mwalimu. Mwaka 1881 watu wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, walimwandikia Jenerali Armstrong, mkuu wa Hampton, wakimwomba mtu wa kuanzisha shule ya kufundisha walimu weusi. Walidhani atawapelekea Mzungu. Armstrong akawajibu kuwa anaye kijana mweusi, naye ni Booker Washington. Wakamkubali.

Alipofika Tuskegee hakukuta nyumba ya shule wala shamba. Serikali ya jimbo iliahidi dola 2,000 kwa mwaka, lakini fedha hizo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Tarehe 4 Julai 1881 akafungua shule katika kibanda kibovu karibu na kanisa, na wanafunzi walikuwa 30. Mvua iliponyesha paa lilivuja, na mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli huku akifundisha. Baadaye akakopa fedha akanunua shamba lililochakaa kwa dola 500. Banda la farasi likawa darasa, na banda la kuku pia likawa darasa.

Sasa wakataka kujenga nyumba imara, nao hawakuwa na fedha za kununua matofali. Washington akaona kuwa katika mji mzima hakuna mtu afanyaye matofali, na watu wengi wanayahitaji. Akaazimu wanafunzi wafanye matofali wenyewe. Lakini yeye mwenyewe hakupata kufanya kazi hiyo.

Ilikuwa kazi ngumu na chafu. Wanafunzi walisimama ndani ya shimo, matope mpaka magotini. Wengi walinung'unika, maana walidhani mtu aliyekuja kutafuta elimu hapaswi kushika udongo, na baadhi yao wakaiacha shule. Waliobaki wakafyatua matofali 25,000, wakayapanga katika tanuri, wakawasha moto. Tanuri likaharibika, maana hawakujua namna ya kulichoma. Wakafanya tanuri la pili, nalo likaharibika. Wakafanya la tatu. Kuchoma tanuri ni kazi ya juma zima, na moto haufai kuachwa usiku wala mchana. La tatu likaendelea vizuri, na juma lilipokaribia kwisha wote walifurahi. Usiku wa manane tanuri likabomoka.

Hapo fedha zilikuwa zimekwisha kabisa. Walimu wengi wakamshauri aiache kazi ile. Ushauri wao haukuwa wa kijinga, maana mara tatu wamejaribu na mara tatu wamepata hasara. Washington akafikiri. Alikuwa na saa ya mfukoni. Akasafiri mpaka mji wa Montgomery, akaiweka saa yake rehani, akapewa dola 15. Akarudi Tuskegee, akawakusanya wanafunzi waliokata tamaa, akawatia moyo, wakaanza tanuri la nne. Hilo likaiva, nayo matofali yakatoka mazuri. Alipopata fedha za kukomboa saa, muda wa rehani ulikuwa umekwisha kupita, na saa ikapotea. Lakini hakujuta hata siku moja.

Kumbukeni kuwa hakuingia tanuri la nne kama alivyoingia la kwanza. Alipoanza alikuwa na tumaini tu. Katika la nne alikuwa na tumaini pamoja na maarifa ya makosa matatu. Watu wasiotazama vizuri huona kuwa alishindwa mara tatu. Lakini kwa hakika alifundishwa mara tatu.

Likafuata jambo jingine lililo la maana. Wazungu wa mji ule, na wengi wao hawakupenda watu weusi wasome, walikuja shuleni kununua matofali. Hawakuja kwa huruma. Walikuja kwa sababu matofali yale yalikuwa mazuri, wala hayakupatikana penginepo karibu. Hivyo wanunuzi na wauzaji wakajuana, na wengi wakaona kuwa shule ile ni faida kwa mji mzima. Miaka ikapita, na katika msimu mmoja wanafunzi wakaweza kufanya matofali 1,200,000. Vijana wengi walitoka pale na ufundi huo mikononi, wakaenda kujitafutia riziki kwa kazi zao wenyewe.

Mwaka 1900 Washington akaanzisha katika mji wa Boston chama cha wafanya biashara weusi, ili wenye maduka, mashamba na karakana wakutane na kusimuliana jinsi walivyofanikiwa. Maana aliona kuwa mtu aliyedharauliwa tangu utoto hupata moyo akimwona mwenzake, aliyetoka hali ile ile, amesimama na kueleza alivyoanza na alivyofika. Mwaka 1901 akatoa kitabu cha habari za maisha yake, kikasomwa katika nchi nyingi.

Wako waliompinga. Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, mtu mweusi mwenye elimu kubwa, aliandika kuwa Washington alisisitiza mno kazi za mikono, akanyamaza kuhusu haki ya kupiga kura na elimu ya juu. Wengi hata leo huona kuwa neno hilo lilikuwa na kweli ndani yake. Lakini baada ya kufa kwake barua zake zilionyesha kuwa kwa siri alitoa fedha za kuendesha kesi za kutetea haki za watu weusi.

Booker Washington alikufa Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915, akazikwa katika ardhi ya shule yake. Shule iliyoanza na kibanda kinachovuja ilikuwa na wanafunzi 1,500 hivi na majengo zaidi ya 100, na mengi yao yalijengwa kwa mikono ya wanafunzi. Leo shule hiyo ni chuo kikuu. Na sifa zake zilifika mpaka Afrika ya Mashariki, maana shule ya Jeanes iliyowekwa Kabete, nchi ya Kenya, baada ya mwaka 1924, ilifuata mafunzo ya Hampton na Tuskegee.

Ninyi mnaosoma habari hii, fikirini jinsi mtu huyu alivyopata kujiamini. Hakuzaliwa nako, maana mtoto aliyekaa njiani akililia gunia hakuwa na nguvu wala tumaini. Wala hakujiamini kwa kujisifu. Kujiamini kwake kulijengwa tofali juu ya tofali: namba 18 aliyojifundisha mwenyewe, hofu ya Bibi Ruffner aliyoishinda, chumba alichokifagia mara tatu. Kila kazi ndogo aliyoimaliza vema ilimpa ushahidi kuwa ataiweza kazi kubwa zaidi. Ndiyo sababu matanuri matatu yalipoharibika, moyo wake haukuharibika pamoja nayo.

Wahenga husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliotoka katika shimo la matope walihifadhi usafi wa nguo zao. Waliobaki walipata shule. Basi mtu akipewa ufagio asiudharau, na tanuri lake likibomoka ayachunguze majivu kabla ya kuondoka, maana huenda humo yamo maarifa ya tanuri litakaloiva.