Haruni, Msemaji wa Mdogo Wake

Wakatekumeni husikia sana habari za Musa. Za Haruni, mkubwa wake, husikia kidogo. Haruni, mwana wa Amramu na Yokebedi, wa kabila la Lawi, alizaliwa katika nchi ya Misri, akamzidi Musa kwa miaka 3. Dada yao aliitwa Miriamu.

Musa alikuwa na kilema cha kusema: ulimi wake ulikuwa mzito. Mungu alipomwita katika kijiti kilichowaka moto, ili akawatoe Waisraeli utumwani, alitoa udhuru mara nyingi, hata akaomba atumwe mtu mwingine. Mungu hakumwondolea uzito ule wa ulimi. Alimpa ndugu yake. Haruni akaenda jangwani, akamkuta Musa kwenye mlima wa Mungu, akambusu. Wakashika pamoja njia ya Misri.

Tangu hapo Musa alipokea neno kwa Mungu, naye Haruni akalitamka mbele ya wazee na mbele ya Farao. Mmoja alikuwa na miaka 80, mwenziwe 83. Wazee wa Lusangi na Kabambare wajua kazi ya kumchukua mgonjwa kwa kipoyi. Haruni alichukua maneno ya ndugu yake. Si jambo jepesi kwa mkubwa kumtumikia mdogo hivi. Hata katika vita na Waamaleki, mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri waliitegemeza, huyu huku na huyu huku, mpaka jua likachwa.

Lakini Haruni naye alikuwa mwanadamu. Musa alipokaa mlimani siku 40, watu walidai mungu wa kuonekana kwa macho, naye mwenye ulimi mwepesi akakosa neno la kuwakataza, akawafanyia ndama ya dhahabu. Mungu alimsamehe, akawa kuhani mkuu. Baadaye wivu ukamwingia, yeye na Miriamu, wakamsengenya Musa wakisema kwamba Mungu hunena nao pia. Ndipo Miriamu akapatwa na ukoma. (Mkatekumeni asidhani kwamba kila mwenye ukoma ameadhibiwa, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao una dawa.) Haruni akamsihi mdogo wake, akimwita bwana, amhurumie dada yao. Safari hii mwenye ulimi mzito ndiye aliyewasemea: alimlilia Mungu kwa sala fupi sana. Miriamu akakaa siku 7 nje ya kambi, na taifa zima likamngoja; hawakusafiri mpaka aliporudishwa.

Miriamu alifariki Kadeshi. Katika mwaka wa 40 tangu kutoka Misri, Haruni, mwenye miaka 123, alipanda mlima Hori pamoja na Musa na mwanawe Eleazari. Musa akamvua mavazi ya ukuhani, akamvika Eleazari. Haruni akafa huko juu. Musa na Eleazari wakashuka wawili tu, na Waisraeli wakamlilia Haruni siku 30.